TAHARIRI: Je, Serikali Zinaweza Kuyashika Mkono Makampuni ya Mitandao?

Sifa njema zote ni zake Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mwenye kujua ya dhahiri na yaliyofichikana vifuani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na wote waliofuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, katika darasa zetu za baada ya Magharibi hapa Vwawa limekuwa likiulizwa swali moja kwa sura mbalimbali. Wapo wasemao kwamba makampuni ya simu, ya mikopo ya mtandaoni na ya mitandao ya kijamii yamekwisha kuwa na nguvu kuliko dola, na kwamba sheria zinazotungwa ni wino uliomwagwa juu ya karatasi. Wapo wengine wasemao kwamba jambo hili ni la serikali peke yake, na kwamba sisi waumini hatuna letu humo zaidi ya kungoja. Kauli zote mbili tunaziona zina upungufu, na katika ukurasa huu tutaeleza kwa nini.

Kwanza tujiulize: jambo hili linatuhusu nini sisi wakazi wa Mbozi na Tunduma? Linatuhusu kwa sababu soko limehama. Zamani mfanyabiashara wa Tunduma alivuka kwenda Nakonde na fedha zake kibindoni, na mkulima wa kahawa alilipwa mkononi mbele ya mashahidi. Leo fedha hizo zinapita ndani ya simu. Ada ya shule ya mtoto, nauli ya dereva wa lori aliyekwama mpakani, hata sadaka ya kujengea msikiti, zote zinapita huko. Soko hilo halina ukuta wala mlango, na mwenye kushika mizani humuoni. Lakini soko ni soko, na Uislamu haukupata kuliacha soko bila mwangalizi.

Dhulma iliyo karibu nasi zaidi ni ile ya mikopo ya mtandaoni, ambayo watu wameipachika jina la kausha damu. Mtu huingia katika mwezi wa Januari, shule zimefunguliwa na kahawa bado iko mbichi mtini. Anapakua programu katika simu janja, anabonyeza kukubali masharti asiyoyasoma, na fedha zinaingia. Tuseme ameandikiwa deni la shilingi 100,000, lakini zilizomfikia ni 75,000 baada ya makato, na anatakiwa kulipa 100,000 kamili ndani ya siku saba. Hiyo ni theluthi nzima ya alichopokea, kwa juma moja tu. Akichelewa, mkopeshaji haendi mahakamani. Hufungua orodha ya majina aliyoichukua katika simu ya mkopaji siku ile ya kwanza, akawatumia ujumbe mkwewe, mwajiri wake, jirani yake, hata imamu wake, akimwita mwizi na tapeli. Yametufikia malalamiko ya namna hii kutoka kwa waumini wa mji huu. Wapo walioacha kuhudhuria jamaa kwa aibu, ilhali kosa lao ni ufukara.

Je, serikali imekaa kimya? La, haikukaa kimya, na uadilifu unatutaka tuyataje yaliyofanyika. Mwaka 2018 ilitungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, inayomtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Mwezi Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya kidijitali, na mwezi Novemba mwaka huo huo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila ya idhini, ikawatahadharisha wananchi wasiyatumie. Hayo si haba. Lakini kutangaza ni mlango, na kufuatilia ndiyo nyumba. Jina la programu hubadilishwa kwa urahisi kuliko kibao cha duka, na anayefungiwa asubuhi kwa jina moja anaweza kurejea jioni kwa jina jingine. Basi tuna haki ya kuuliza ni usimamizi wa namna gani wenye kuleta tofauti ya kweli, na upi ni wa jina tu.

Kipimo cha swali hili tunacho katika turathi yetu. Wanavyuoni wetu waliiita kazi hii hisba, na mwenye kuifanya wakamwita muhtasib. Imam al-Mawardi aliiwekea mlango mzima katika kitabu chake cha hukumu za utawala, na Sheikhul Islam Ibn Taymiyya akaiandikia kitabu mahususi. Ukiyazingatia waliyoyaeleza, pamoja na Sunna iliyo asili yake, utaona mambo matatu.

La kwanza ni kudhihirisha kilichofichwa. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akatoa udhuru wa mvua. Mtume (s.a.w.) hakulifunga soko. Alimkemea kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Basi jambo la mwanzo ambalo muhtasib hutaka ni uwazi: aibu ya bidhaa ionekane kabla ya mkono kutoa fedha.

La pili ni kumrudishia haki aliyedhulumiwa. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwalaki wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni, kwa kuwa mlaki anaijua bei na mwenye mzigo haijui. Na endapo mtu amelakiwa akauza, kisha akafika sokoni akagundua, Sharia imempa khiari ya kuvunja biashara ile. Wakulima wa Mbozi wanalifahamu hili vizuri, kwani walanguzi wanaonunua kahawa ingali mtini hawajatoweka. Na hali ya makampuni ya mitandao ni kuwalaki misafara kwa namna mpya: kampuni inajua unapokwenda, unaowapigia, unachokihitaji na saa unayokihitaji, nawe hujui lolote kuihusu. Dawa aliyofundisha Mtume (s.a.w.) haikuwa faini ya kuingia hazina. Ilikuwa ni haki iliyo mkononi mwa aliyedanganywa.

La tatu ni kwamba muhtasib naye yuko chini ya Sharia. Hana ruhusa ya kupeleleza majumba ya watu. Suratul Hujurat imekataza upelelezi kwa waumini wote, na mtawala hakutolewa nje ya katazo hilo. Wala hakuruhusiwa kuingilia bei kwa matamanio. Watu walipomtaka Mtume (s.a.w.) awapangie bei, alikataa kwa kuchelea kumdhulumu yeyote. Lakini Ibn Taymiyya amefafanua kwamba pale wenye bidhaa wanapoizuia ilhali watu wana dhiki nayo, mtawala huwalazimisha wauze kwa thamani ya mfano wake. Kuna kuingilia kwa dhulma, na kuna kuingilia kwa uadilifu.

Sasa tuyapime yaliyotokea kwa mizani hiyo.

Tuanze na lililofaulu. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2015 na kanuni zake zimewataka watoa huduma za fedha za simu waziweke fedha za wateja katika akaunti za dhamana benki, mbali na fedha za kampuni. Maana yake ni kwamba shilingi iliyomo katika simu yako ni amana, na kampuni haina ruhusa kuifanyia biashara kana kwamba ni mali yake. Hakuna aliyelishangilia jambo hili mitaani. Lakini linamlinda mama muuza ndizi wa Vwawa kila siku bila yeye kujua. Basi msemaji asiseme kwamba sheria haifanyi kitu.

Jirani zetu wa Kenya wametupa funzo jingine. Huko mikopo ya namna hii ilienea kabla ya kwetu, na matusi yake vilevile. Sheria ya mwaka 2021 na kanuni za Machi 2022 ziliipa Benki Kuu yao mamlaka ya kutoa leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali, zikakataza vitisho na kuwasumbua watu waliomo katika orodha ya simu ya mkopaji. Kisha kuanzia Januari 2023 kampuni ya Google ikawataka wakopeshaji wa Kenya waonyeshe leseni, au ushahidi kwamba wameiomba, ili programu zao zibaki katika duka lake. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa ulinzi wa taarifa akaitoza kampuni moja ya mikopo, Mulla Pride, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine. Angalia nguvu ilitoka wapi. Amri ya serikali peke yake ingemfukuza mkopeshaji mmoja mmoja kama mtu afukuzaye nzige kwa kanga. Ilipofika kwenye lango ambalo wote hulazimika kulipitia, yaani duka la programu, ikawa na meno. Hata hapo tusidhani kwamba kila mlango umefungwa, kwani programu huweza kupakuliwa kwa njia nyingine. Lakini kulibana lango ni bora kuliko kukimbizana na wapitao.

Ama lililopungukiwa ni faini zilizosimama peke yake. Mwezi Mei 2023 mamlaka ya Ireland, kwa niaba ya Umoja wa Ulaya, iliitoza kampuni ya Meta, yenye Facebook na WhatsApp, faini ya yuro bilioni 1.2 kwa kuhamishia taarifa za watu Marekani kinyume cha sheria. Kwa maskini ni fedha zisizohesabika. Lakini mapato ya kampuni hiyo kwa mwaka huo yalizidi dola bilioni 130. Faini isiyofika hata sehemu moja katika mia ya mapato yaweza kugeuka kuwa ushuru wa kupitia, mwenye mali akaulipa na kuendelea na safari. Na yule ambaye taarifa zake zilihamishwa, faini ile haikumrudishia kitu. Hapa ndipo tunapoona hekima ya ile khiari aliyopewa mwenye msafara.

Kwa sababu hiyo tumefuatilia kwa makini kesi za Nairobi. Wafanyakazi waliokuwa wakikagua picha na maneno ya Facebook huko waliishitaki Meta kwa namna walivyotendewa. Kampuni ikajitetea kwamba si ya Kenya na haiwezi kushitakiwa Kenya. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba inaweza kushitakiwa huko. Uamuzi huo haukumaliza kesi. Ila umeivunja hoja kwamba kampuni inaweza kuchuma katika nchi, kisha ikasema haimo katika nchi hiyo inapodaiwa haki.

Kisha liko jambo la tatu, nalo ni zito: mdhibiti anapokuwa yeye ndiye mdhalimu. Ndugu zetu Waislamu wa Rohingya huko Myanmar walichinjwa na kufukuzwa makwao mwaka 2017, baada ya chuki kupaliliwa kwa miaka katika Facebook. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2018 kwamba mtandao huo ulichangia, na kampuni yenyewe ikakiri mwaka huo kwamba haikufanya vya kutosha kuzuia. Lakini nani alikuwa miongoni mwa waenezaji? Ni wakuu wa jeshi la nchi ile. Mwezi Agosti 2018 Facebook iliondoa ukurasa wa mkuu wa majeshi yao. Nchi ile ilikuwa na dola yenye bunduki na sheria, isipokuwa dola hiyo ndiyo iliyohitaji kukanywa.

Kwa hiyo tusichanganye kudhibiti na kufunga. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, wakati wa uchaguzi. Hapa kwetu mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025, na intaneti ikazimwa siku ya uchaguzi tarehe 29 Oktoba 2025 na siku kadhaa zilizofuata. Hatuandiki haya kwa kushabikia chama chochote. Tunasema kwamba kufunga ni jambo jepesi, na halimrudishii aliyedhulumiwa haki yake hata moja. Mkopeshaji aliyemtukana mama wa watu hakuguswa na kufungwa kwa X. Serikali yenye uwezo wa kuzima mtandao wa nchi nzima kwa siku moja haiwezi kutuambia kwamba haina uwezo wa kumfikia mwenye programu ya mikopo. Ikiwa nia ipo, mkono upo.

Tukumbuke pia tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyoanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Wananchi walilalamika kila kona, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Yamo humo mafunzo mawili. La kwanza, serikali ikiwa na fungu lake katika kila muamala, huingiwa na uzito wa kuusimamia muamala huo kwa jicho la mnyonge. La pili, sauti ya watu ikitolewa kwa pamoja na kwa adabu, husikika.

Basi jibu letu ni hili: usimamizi wa serikali huleta tofauti ya kweli pale unapobana lango, unapoweka kilichofichwa juu, unapompa aliyedhulumiwa haki mkononi mwake, na pale msimamizi mwenyewe anapochunga mipaka. Ukikosa hayo huwa ni tangazo na faini, na dhulma hubadilisha jina tu.

Lakini, ndugu zetu, hata usimamizi ulio bora kuliko wote una ukomo, na hapa ndipo tunapohitaji kuambizana ukweli. Leseni haihalalishi riba. Benki Kuu inaweza kumkataza mkopeshaji asitukane, ikamlazimisha aandike masharti kwa Kiswahili chepesi, na riba ikabaki riba. Katika Suratul Baqara, Allah (s.w.) ametangaza vita dhidi ya wala riba, akaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka afarijike, kisha akaamrisha deni liandikwe na mwandishi muadilifu. Mwenye kukopa kwenye programu amekosa yote matatu: ameingia katika riba, hana muhula, na mwandishi wa deni ni mashine ya anayemdai. Serikali haitatuondolea msiba huo. Tutauondoa sisi.

Kwa hiyo tunatoa wito huu.

Kwa viongozi wa serikali na wabunge wetu: orodha ya programu zisizo na idhini isiwe tukio la siku moja, bali ihuishwe na ifikishwe hadi ofisi za kata na redio za mkoa. Wenye maduka ya programu watakiwe kudai leseni kama ilivyofanyika kwa Kenya. Na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi isogezwe karibu, kwani mkazi wa Vwawa aliyedhalilishwa hana nauli ya kufuatilia shauri mbali na mkoa wake.

Kwa maimamu na walimu wa madrasa: fiqhi ya miamala isiishie kwenye ngamia na tende. Wanafunzi wetu waelezwe khiari, udanganyifu na riba kwa mifano ya simu walizonazo. Na imamu akipokea ujumbe wa kumtukana muumini wake mdaiwa, asiusambaze wala asimtazame kwa jicho la dharau. Amstiri, kisha amshauri.

Kwa kila muumini: usimpe mtu namba yako ya siri, wala usiruhusu programu ya mikopo ichukue majina yaliyomo katika simu yako, kwani majina yale ni amana za watu wengine. Ukipata ujumbe wa kukutaka ile pesa uitume kwenye namba hii, uupeleke kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, usije ukabebeshwa jinai ya mtu usiyemjua. Na aliyedhulumiwa asinyamaze. Ahifadhi ujumbe aliotumiwa, aende polisi, na apeleke malalamiko yake kwa Tume. Sheria isiyodaiwa na mtu hulala.

Na kwa jamaa zote za misikiti ya Mbozi, Tunduma na mkoa mzima: anzisheni mfuko wa mkopo mwema, qardh hasan. Kila kaya itoe kidogo baada ya mauzo ya kahawa, fedha ziwekwe kwa kuandikwa na kushuhudiwa, na zikopeshwe bila ya nyongeza inapofika Januari. Hatuhitaji mamilioni ili kuanza. Msikiti utakaowaokoa watu watano wasiingie kwenye kausha damu utakuwa umefanya jambo ambalo hakuna kanuni ya Benki Kuu iwezayo kulifanya. Tunajua wapo watakaosema kwamba watu hawarejeshi. Basi na tuwafundishe kurejesha, kwani kulipa deni nako ni dini, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na uzito wa deni.

Tukumbuke kwamba Suratul Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo kwa wapunjao vipimo, na haikubagua mizani ya chuma na mizani ya mtandao. Serikali zina zamu yao, nasi tuna yetu. Asiyetekeleza zamu yake asitafute udhuru katika uzembe wa mwenzake, kwani kila mmoja ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa alichokichunga.

Tunamuomba Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali Yake tusiihitaji haramu, awape viongozi wetu uadilifu, na awafariji wenye madeni miongoni mwetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.